Mwati na Digrii ya Pili

Kwetu Mbeere mwanamke haolewi kwa maneno. Anaolewa siku mwati analala katika boma la baba yake. Mwati ni kondoo jike ambaye hajazaa, hajapandwa, hajawahi kunyonyesha. Si kondoo yeyote tu wa kuokotwa njiani. Ng'ombe watakuja baadaye, asali na blanketi zitakuja, mbuzi watakuja kidogo kidogo mpaka wajukuu waote ndevu, lakini kama huyo mwati hajafika, hata ukae kwa mwanamume mpaka meno yang'oke, wewe ni mgeni aliyesahau kuondoka. Wameru wanajua hivyo. Kwao pia iko. Kwa hivyo mtu asiniambie kwamba baba ya mtoto wangu, ambaye ni Mmeru, hakuelewa. Alielewa kabisa.

Tulijuana Embu mjini. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nauza dukani, duka la dawa za mifugo na mbegu. Yeye alikuwa karani katika ofisi ya sacco, shati limepigwa pasi mpaka unaweza kujikata nalo. Nilipopata mimba alihamishwa Meru, akanipandisha kwao Githongo, katika nyumba ya mbao iliyo katikati ya kahawa, hatua chache kutoka kwa nyumba ya mama yake. Alikuwa ameanza kusomea digrii ya pili ya fedha. Akaniambia hivi, na maneno yenyewe nayakumbuka kwa sababu nimeyatafuna sana:

"Acha nimalize hii digrii kwanza. Nikimaliza nitapandishwa cheo, tuende kwenu na heshima. Sitaki kwenda kubabaisha mzee na kondoo mmoja."

Mtu aliye na mimba huamini vitu vingi. Nikaamini na hicho.

Na mwati alinunua, tusimwonee. Alileta mwanakondoo mweupe, mwembamba, mwenye macho kama ya mtu aliyeulizwa swali gumu. Akaniambia, "Huyu ndiye wa kwa babako. Mtunze." Nikamtunza. Mtoto wangu alipozaliwa, msichana, akaitwa jina la bibi yake mzaa baba kama desturi ilivyo, na bibi akashangilia jina lake mpaka majirani wakachoka. Hapo nilifikiri mambo yamekaa sawa. Jina limetoka, kondoo anakua, mwanamume anasoma. Kumbe kondoo ndiye peke yake aliyekuwa anaenda mbele.

Kwa maana kondoo hangoji. Hili ndilo jambo ambalo msomi wa fedha hakuwahi kuliweka kichwani. Mwati ana wakati wake. Ukichelewa anapandwa, na akishapandwa si mwati tena, ni kondoo wa kawaida kama wale wengine. Digrii nayo ilikuwa inarudi nyuma kila muhula. Kwanza ilikuwa somo moja la hesabu alilorudia. Halafu msimamizi wake akakataa pendekezo lake la utafiti, akamwambia ni pana mno. Akalipunguza. Akaambiwa sasa ni jembamba mno. Nilikuwa naleta chai naye amekaa pale mezani, mikono kichwani, kompyuta imefunguka mbele yake kama mdomo wa mtu anayemcheka, na mimi kupitia dirishani namwona dume la jirani limesimama kwenye ua, linamwangalia kondoo wangu.

Nilienda kwa yule jirani. Nikamwambia, "Baba, fungia dume lako, huyu wangu ni wa kupelekwa kwetu."

Akacheka. "Mwambie bwanako asome haraka. Dume langu halijui mambo ya chuo."

Dume lilipita chini ya ua msimu wa kuchuma kahawa, sisi wote tukiwa shambani. Kondoo akazaa. Nilipomwonyesha baba ya mtoto, hata hakuinua macho kwenye vitabu vyake. "Si hiyo ni faida? Alikuwa mmoja, sasa wako wawili."

"Hawezi kwenda kwetu tena."

"Basi mpe mama. Tutanunua mwingine."

Mama yake akamchukua kondoo na mwanawe na hakusema asante. Yeye alikuwa akiniita Muembu. Nilimwambia mara nyingi kwamba mimi ni wa Mbeere, si Muembu. Alijibu, "Ni kule kule kwa jua."

Mwati wa pili, mweupe pia, alinunuliwa baada ya mimi kununa muda mrefu. Huyu sikumwacha nje. Nilimfungia kwenye stoo iliyo ubavuni mwa nyumba, ukuta mmoja na sebule, nikamkatia majani kila siku: majani ya viazi vitamu, nyasi za napier, maganda ya ndizi. Asubuhi nilikuwa namtoa kwa kamba kama mbwa wa tajiri, namzungusha kwenye kahawa, namrudisha. Mtoto mgongoni, kondoo mkononi. Wanawake wa huko walinipa jina, sitalisema hapa, lakini lilikuwa na kondoo ndani yake na lilinifaa.

Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria wakati wa masomo. Redio haifunguliwi. Mtoto akilia anatolewa nje hata kama ni mvua. Kuni hazipasuliwi karibu na dirisha. Mama yake alikuwa anapita kwenye vidole kama mtu anayemwibia mwanawe, akiniona nimebeba ndoo ananinyooshea kidole, "Wacha kelele, msomi anasoma." Mara nyingi msomi alikuwa analala. Nilimwona kupitia dirishani, shavu kwenye kitabu, mate yanaloesha ukurasa. Nilikuwa nasimama hapo namwangalia, sina huruma hata tone. Nilikuwa naomba Mungu asimwamshe, halafu nakumbuka kondoo, naomba amwamshe.

Utafiti wenyewe ulipokubaliwa hatimaye, mimi sikuambiwa ni wa nini. Niliambiwa niwaite wanawake wa chama chetu waje wajibu maswali. Wakaja wamevaa vizuri kwa sababu walidhani ni mkopo. Akawapanga kwenye mabenchi, akawauliza kwa Kimeru mambo ya jinsi familia zao zinavyoweka akiba, na zinauza nini wakati wa shida, na wakati kijana anaoa wanatoa nini, mifugo inatoka wapi, inarudi au hairudi. Mama mmoja mnene, yule anayeuza ndizi sokoni, akajibu yote mpaka mwisho, halafu akauliza, "Na wewe, mwalimu wa pesa? Ulipeleka nini kwa huyu wetu?"

Wanawake wakacheka wakashikana mabega. Yeye akatabasamu kama mtu aliyemeza nzi. "Leo tunawauliza nyinyi," akasema.

"Basi," akasema yule mama, "kwako tuandike nini? Sufuri ama tuache nafasi?"

Nilijua utafiti ulikuwa unasema nini siku alipoanza kufanya mazoezi ya kuutetea. Alihitaji mtu wa kukaa mbele yake ajifanye maprofesa. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki, mtoto ananyonya. Akasimama, akakohoa, akaanza. Mimi Kiingereza nilikipata vizuri shuleni, nilichokosa ni karo ya kuendelea nacho, kwa hivyo nilifuata. Alisema familia za wakulima wadogo zinabaki maskini kwa sababu mali yao inatoka bila kurudi. Alisema mifugo inayopelekwa kwa wakwe ni mtaji uliolala. Ungewekwa kwenye sacco, ungezaa. Ukipelekwa kwenye boma la mkwe, unakula nyasi na kufa. Alikuwa na mchoro wa mishale, mshale mmoja unatoka kwenye nyumba na kuingia mahali palipoandikwa "hasara".

Nilimwacha amalize.

"Huo mshale unaoenda kwa hasara," nikamwambia. "Hapo ni kwetu?"

"Usichukulie personal. Hii ni utafiti."

"Nauliza tu. Baba yangu ndiye hasara?"

"Wewe unaona? Ndiyo maana watu wa kwetu hawaendelei. Kila kitu wanaingiza moyo." Akageuza ukurasa. "Hebu uliza swali kama profesa."

Nikamuuliza kama mwati angelala kwenye sacco au angepewa kitanda. Akaniambia niende nikapike.

Siku yenyewe ya kuutetea haikuwa ya kwenda chuoni. Ilifanywa kwa kompyuta, maprofesa kila mmoja nyumbani kwake, yeye sebuleni kwetu. Alitundika shuka jeupe ukutani ili mbao zisionekane. Kulikuwa na picha yetu hapo, mimi na yeye na mtoto siku mtoto alipobatizwa. Akaitoa akaiweka chini ya kiti, uso chini. Akasema inavuruga macho. Akavaa koti na tai. Akaniambia nichukue mtoto niende shambani mpaka aniite.

Lakini mvua ilishika, ile ya Githongo isiyo na adabu, na mtoto alikuwa na kifua. Sikuenda shambani. Niliingia stoo, nikakaa kwenye gunia, mtoto amelala mapajani, kondoo ubavuni mwangu anatafuna majani ya viazi. Ukuta wa mbao hauna siri. Nilisikia yote kama nimekaa kwenye kamati.

Alizungumza vizuri. Hilo nitalisema. Sauti haikutetemeka. Walimuuliza mambo ya hesabu, akayajibu. Mmoja wao, mwanamume mwenye sauti ya mafua, alimuuliza kwa nini alitafuta watu wachache hivyo, akajibu pia. Nikajikuta namwombea. Hasira zangu zote zikakaa kando, nikafunga macho, nikasema moyoni: Mungu, huyu apite leo, ili tuende.

Karibu na mwisho, profesa mmoja mwanamke, sauti yake nzuri ya mtu mzima aliyekunywa chai, akasema anataka kumchokoza kidogo.

"Kijana, na wewe mwenyewe? Umeoa? Tusije tukapitisha kazi ya mtu anayekwepa wakwe zake."

Wale wengine wakacheka. Na yeye akacheka. Nilisikia kiti chake kikilia.

"Hapana, Profesa. Bado sijaoa."

"Basi hakuna wa kukushtaki."

"Hakuna kabisa."

Hapo ndipo kondoo alipolia. Alilia kwa nguvu, mara moja, kama mtu aliyekanyagwa. Nikamshika mdomo.

"Ni nini hiyo?" profesa akauliza.

"Samahani. Ni mifugo ya jirani."

Nilikaa pale nimemshika kondoo mdomo kwa mkono mmoja na kwa ule mwingine nimemfunika mtoto masikio, mtoto ambaye hata alikuwa hajaamka. Wakampitisha. Arekebishe hapa na pale, basi. Nikasikia mama yake ameingia sebuleni anapiga vigelegele. Aliniita kutoka mlangoni nije nimpongeze mwanawe. Nikaja. Nikampa mkono kama ninavyompa mchungaji.

Nilimuuliza akila chakula cha mchana.

"Uliwaambia hujaoa."

Akaacha kutafuna. "Ulikuwa unasikiliza?"

"Ukuta ni mbao."

"Sasa ulitaka niseme nini? Nimeoa? Nimeoa wapi?" Alinionyesha stoo kwa kijiko. "Mwati wako si yuko hapo anakula majani? Nilisema ukweli."

Mama yake alikuwa amekaa hapo hapo, anamenya ndizi. Hakuinua uso. "Amesema uongo?" akaniuliza. "Wewe Muembu, niambie, hapo uongo uko wapi?"

Niliutafuta, na hili ndilo linalonichoma mpaka leo. Uongo haukuwepo. Alikuwa ameushika mlango kwa mikono yake miwili miaka yote hiyo, halafu anawaambia watu kwamba mimi siko ndani.

Bado sikuondoka. Msomaji anaweza kushangaa, na ashangae. Nilikuwa na mwati mikononi, mzima, hajapandwa, na digrii ilikuwa imeisha. Sababu zilikuwa zimekwisha. Nilifikiri: akishavaa joho atakosa pa kujificha. Nikamwosha kondoo kwa sabuni ya nguo. Nikamtengea majani mazuri. Nilikuwa namnong'onezea kwa Kimbeere, lugha ambayo hakuna mwingine pale angeielewa, namwambia juu ya boma la baba, jinsi lilivyo na kivuli cha miiba, jinsi huko hakuna matope.

Sherehe ya digrii ilifanyika nyumbani Jumamosi. Mama yake alikodi hema na viti. Wakubwa wa ofisini walikuwa wanakuja, na meneja mwenyewe, na watu wa kanisa. Asubuhi nilitumwa sokoni Githongo kuchukua soda na mikate, na pale nikangojeshwa kwa sababu mwenye duka alikuwa amepoteza ufunguo. Niliporudi na mwendesha bodaboda na makreti, ngozi nyeupe ilikuwa imetandikwa kwenye ua.

Niliijua kabla sijashuka. Nilikuwa nimeiosha mimi.

Mama yake alikuwa kwenye sufuria. "Mbuzi hawakutosha," akasema. "Watu ni wengi."

Nikamwendea mwanawe. Alikuwa anajaribu joho mbele ya kioo, kofia imemkaa upande.

"Mmemchinja."

"Mama aliona nyama ni kidogo."

"Nani alimpa ruhusa?"

Akashika kofia, akaiweka sawa. "Sikiliza. Kondoo alikuwa amekaa tu kwa stoo anakula. Nitanunua mwingine. Hata wawili. Leo usiniharibie siku."

Nadhani alingoja nilie. Nilimfunga vifungo vya joho kwa nyuma kwa sababu mikono yake haikufika, nikaenda kuchukua sahani.

Walikula. Meneja alisifu nyama. Alisema ni laini sana, imelishwa nini? Mama yake akajibu, "Viazi vitamu," kana kwamba yeye ndiye aliyekata hata jani moja. Baba ya mtoto akasimama na joho lake linapepea, akamshukuru Mungu, akamshukuru mama yake aliyemlea akiwa mjane, akawashukuru walimu, wakubwa wa kazi, "na wote walionivumilia nikisoma". Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama na birika la chai. Huyo mmoja katika "wote" alikuwa mimi, na pengine kondoo.

Na nilimla. Nilichukua ini na mbavu, nikakaa chini nyuma ya jikoni, nikamla mpaka nikalamba vidole. Nilimlisha mimi. Sikuona kwa nini nimwachie meneja.

Asubuhi ya Jumapili, wao wakienda kanisani kutoa shukrani, nilifunga nguo za mtoto kwenye leso. Mama yake alirudi kuchukua miwani yake akanikuta barabarani. Alitazama mzigo, akaelewa, na hakunishika mimi. Alimshika mtoto mguu.

"Wewe nenda," akasema. "Niachie jina langu."

Nilikuwa nimemfunga mtoto mgongoni kwa kanga mbili. Nikageuka polepole mpaka mguu ukamtoka mkononi. Alijua desturi kuliko mimi. Mtoto wa mwanamke asiyetolewa kitu ni wa boma la baba ya mwanamke. Ndiyo maana aliushika ule mguu. Kondoo aliyempika jana ndiye angemfungia mjukuu.

Baba yangu nilimkuta anatengeneza ua wa mbuzi, jua limempiga mpaka shati limekuwa na chumvi. Alimtazama mtoto, akatazama nyuma yangu kama kuna mtu anafuata.

"Amemaliza kusoma?"

"Amemaliza."

"Akafaulu?"

"Akafaulu."

"Na mwati?"

"Walimla."

Akachukua mwiba mwingine akauchomeka kwenye ua. Shangazi yangu, dada yake, anayeishi naye tangu mama yangu afariki, alitoka jikoni akifuta mikono. Alikuwa amesikia.

"Na wewe ulipewa?"

"Nilikula ini."

"Angalau," akasema. "Ingia ndani, mtoto anaungua."

Watu wa Githongo walikuja baada ya mavuno ya ndengu. Hawakunifuata mimi, walifuata jina. Simu za mama yake zilikuwa zimemchosha baba, kila mara analia kwamba jina lake linakaa kwa watu. Pia nilisikia kwamba baba ya mtoto alikuwa amepata cheo na wakubwa walikuwa wanamuuliza mama wa mtoto yuko wapi. Walikuja kwa pikapu: yeye, mama yake, na baba yake mdogo, mzee mpole wa kanisa aliyetangulia kuzungumza. Na nyuma, amefungwa miguu, kondoo jike.

Baba yangu alifurahi. Sitamficha. Alivaa koti. Alikuwa amechoka kuulizwa na wazee wenzake, na mvua ilikuwa imemkatalia tena, na mtu akichoka hivyo anataka jambo liishe. Wakakaa kwenye viti. Mzee akasema maneno yote yanayostahili: wamechelewa, wanajua, kijana alikuwa anasoma, sasa wameleta kile cha kwanza ili milango ifunguke.

Shangazi hakukaa. Alienda moja kwa moja nyuma ya pikapu. Kumtazama mwati ni kazi ya wanawake kwetu, na shangazi hajawahi kuharakisha kazi. Alimfungua miguu, akamsimamisha, akapitisha mkono chini ya tumbo. Akautoa. Akaupitisha tena. Halafu akaja mpaka mbele ya wageni, akanyoosha kiganja, na kiganja kilikuwa na maziwa.

"Huyu mama," akasema, "amemwacha mtoto wake wapi?"

Yule mzee mpole alitazama viatu vyake. Kondoo akalia kule kwenye pikapu, na sasa kila mtu akajua analilia nini.

"Mlimnunua wapi?" baba yangu akauliza.

"Sokoni Kianjai," akasema baba ya mtoto wangu. Alikuwa amevaa ile tai. "Nilipata bei nzuri."

"Hukumtazama?"

"Mzee, kwa heshima, kondoo ni kondoo. Thamani yake ni ile ile. Hata huyu ni bora, imeshaonekana kwamba anazaa."

Shangazi alipangusa kiganja kwenye leso. "Ni kweli," akasema. "Amefanana na bibi harusi. Na yeye tulirudishiwa akiwa ananyonyesha."

Mama yake akacheka kidogo, akadhani ni utani wa kupatana. Akaacha alipoona anacheka peke yake.

Mzee mpole akasema ni aibu, watarudi na mwingine, yeye mwenyewe atamchagua. Na baba yangu, baba yangu mwenyewe ambaye nilimwona anachomeka miiba siku niliporudi, akasema, "Basi, huyu alale hapa. Yule mwingine mtaleta. Tusirudishane nyuma."

Akaniita.

Kwetu msichana anaitwa mbele ya wageni anapewa kinywaji. Zamani ilikuwa pombe ya asali; sisi ni watu wa kanisa, kwa hivyo ilikuwa soda kwenye glasi. Anaulizwa kama anawajua wale watu. Kama anawajua, anaonja, anampa mwanamume wake, kazi imekwisha. Hakuna anayekataa. Swali lenyewe huulizwa watu wakishaanza kunusa chakula.

Shangazi akanipa glasi. Mtoto alikuwa ameshika sketi yangu.

"Mwanangu," baba akasema, "unawajua hawa?"

Nilimtazama baba ya mtoto. Alikuwa ameshanyoosha mkono nusu, tayari kupokea. Alikuwa na ule uso wa siku ya kompyuta, uso wa mtu aliyejiandaa kwa maswali na anajua yatakayoulizwa.

"Huyu nilimsikia akiwaambia maprofesa wake hajaoa," nikasema. "Wakampa digrii kwa maneno hayo. Sasa nikisema namjua, si watamnyang'anya?"

"Usifanye hivi," akasema kwa sauti ya chini. "Mbele ya wazee."

"Siwajui," nikamwambia baba.

Nikachuchumaa, nikampa mtoto glasi. Aliishika kwa mikono miwili. Bibi yake akasimama, akaliita lile jina, jina lao wote wawili, mara moja tu. Mtoto alimwangalia juu ya ukingo wa glasi na hakuacha kunywa. Akamaliza yote, akapumua, akaniuliza kama kuna nyingine.

Baba yangu alivua koti akalikunja. Hakusema nami siku hiyo, wala nyingi zilizofuata, na simlaumu. Alikuwa amemwona mwati langoni, hata kama hakuwa mwati. Wao walipanda pikapu. Mzee mpole peke yake ndiye aliyeaga. Shangazi aliwasaidia kumpandisha kondoo, kisha akagonga bodi ya gari kwa ngumi, kama mtu anayemwambia dereva kuna jambo dogo limesahaulika.

"Mrudisheni Kianjai leo leo," akamwambia msomi. "Kuna mwanakondoo huko hajala."